Duara la Makala

Fundi amewasha jenereta chini ya dirisha langu, na harufu ya petroli imeingia mpaka kwenye chai. Ndiyo harufu ya ile nyumba ya video kule Baraka, mji wetu kando ya ziwa, ambayo sisi watoto tulikatazwa kuingia. Tuliingia. Tukaona filamu ya watu wa chuma walioshuka kutoka angani na kuimaliza dunia kwa siku moja. Tarehe ya siku hiyo iliandikwa kubwa, kwa rangi nyekundu.

Nyumbani niliizungushia tarehe hiyo duara la makala, mkaa wa jikoni, kwenye kalenda ya parokia, nisiisahau.

Mama aliliona lile duara siku moja kabla. Alikuwa na ndoo ya maji kichwani, na hakuitua.

“Nani alikuambia hii siku?”

Niliogopa fimbo, nikakimbilia uani. Kwetu, anayejua siku na hataki kusema amesikia kwa wenye bunduki. Kabla ya saa sita mtaa mzima ulikuwa umefunga magodoro. “Batoto mbele!” mama aliita. Tukatembea kando ya ziwa mpaka kijiji cha Swima.

Siku ikapita. Tuliporudi, kuku wetu walikuwa bado wanaparua uani. Majirani walimcheka mama, naye akaichana kalenda akawashia moto. Mimi nilimletea kuni, bila kuitaja filamu.

Wenye bunduki walikuja kweli mwaka uliofuata, siku isiyo na alama yoyote. Jirani alipita mbio akituita.

“Tulishakimbia bure,” mama alisema, akaendelea kusonga bugali. “We enda naye, kama unaogopa.”

Niliogopa. Nikaenda.