Maswali ya Bhoke Kando ya Barabara

Mke wangu Bhoke alikuwa mkulima wa mihogo hapa Gorong'a. Hakusoma, kama mimi. Shamba letu limepakana na barabara ya machimboni. Miaka ile ya dhahabu magari hayakuisha: malori ya mawe, pikapu za mapipa ya maji, Landrova za wanunuzi.

Mjukuu wetu Wegesa alifika miaka minne hasemi. Masikio yake mazima. Gari likiwa bado mbali, yeye ameshakimbilia barabarani. Nesi wa zahanati alituambia tuzidi kuongea naye. Mimi niongee naye nini? Bhoke akachukua kigoda, akawa anakaa naye kando ya barabara, anamenya mihogo. Kila gari likipita anauliza yale yale.

"Limebeba nini? Linaenda wapi?"

Mtoto akinyamaza, anajibu mwenyewe. Limebeba mapipa, linaenda machimboni. Mwaka mzima hivyo.

Mimi nilikataa. Mwanetu Werema, baba wa mtoto, alipanda magari hayo hayo, akafukiwa shimoni kule. Nilimwambia Bhoke anamfundisha mtoto njia ya kufa. Siku moja nikakivunja kigoda.

Hakugomba. "Baba Werema, umepata kitu kingine anachokipenda?" Akakaa chini, kwenye majani.

Siku ya Jumanne Bhoke alishikwa na tumbo. Jirani yetu Nashoni akamchukua kwa pikapu yake kwenda hospitali. Akiwa kule nyuma, kwa taabu, akamuuliza Wegesa, "Limebeba nini?" Mtoto akatazama tu.

Alhamisi pikapu ikarudi. Nilikuwa nimempikia uji. Nashoni akashuka, akavua kofia. Sikuelewa. Ulikuwa ugonjwa wa siku mbili, na asubuhi ya Jumanne alikuwa amelima.

Majirani wakamwingiza ndani. Vilio. Nashoni akawasha gari kwenda kutafuta mbao za jeneza. Wegesa akakimbilia barabarani, nami nikamfuata nikiogopa atagongwa. Alisimama palepale pa bibi yake, akalitazama gari mpaka kwenye kona.

"Limemleta bibi," akasema. "Linaenda tupu."

Sauti safi kabisa. Nikakaa kwenye majani, mahali ambapo Bhoke aliyalaza kwa kukaa.

Lori likapita. Mtoto akanitazama mdomoni, anangoja.

Nikauliza, "Limebeba nini?"