Kasha Lililofukizwa Udi

Kuna sauti moja naijua kuliko jina langu. Ni sauti ya kifuniko cha mbao kinachoshuka juu ya kasha lake. Hakigongi wala hakilii. Kinashusha pumzi tu, hooo, kama mama mtu mzima anayeketi baada ya kutwa nzima jikoni. Juzi binti yangu, asiyejua kufunga kitu bila kukibamiza, alikuwa akitafuta chaja ya simu kabatini mwangu hapa Junju. Akafungua kasha la babu yake, akaona halina chaja, akakiachia kifuniko kianguke. Hakikuanguka. Kilishuka kwa taratibu zake, kikashusha pumzi, na harufu nyembamba ya udi ikanifikia kitandani nilipokuwa nikikunja nguo. Nikaketi. Binti akaniuliza, "Mama, waumwa?" Nikamwambia siumwi, ila aniachie nafasi nilie kidogo.

Kasha lenyewe, wenzangu, lilitengenezwa la kutunzia sigara. Msinicheke. Kwetu hakuna aliyevuta, na Baba alikuwa mtu wa kufunga dirisha mvutaji akipita njiani. Lakini Malindi ni Malindi. Mji una Wataliano tangu sijazaliwa, na Mtaliano akiwa na hamu ya kitu chake, humtafuta fundi.

Baba alikuwa seremala. Watu walimwita Fundi Athumani, na karakana yake ilikuwa kibanda cha mabati nyuma ya nyumba yetu, mtaa wa Shela. Mimi, mwanawe wa pekee, nilikulia kwenye maranda ya mbao. Mama alikuwa akinisuka nywele huku akiyatoa moja moja na kunung'unika. Mwaka ninaousimulia kazi ilikuwa imedorora. Watu walikuwa wamehamia vitanda vya chuma na makabati ya kuagizwa, na binamu yake Baba alikuwa amemtafutia kazi kwenye karakana moja huko Maskati. Jibu lilikuwa likingojwa. Mama hakutaka aende, lakini hakumwambia. Aliuambia unga wa mahamri. Alfajiri nilikuwa nikimsikia akiukanda kwa ngumi, gubu gubu, nikajua tu leo mahamri yatafura.

Ndipo akaja Sinyori. Alikuwa mzee wa Kitaliano mwenye nyumba upande wa Mayungu, na mtaa mzima ulimwita hivyo kana kwamba Sinyori mwengine hajazaliwa. Alikuja na mbao nyembamba za mwerezi zilizofungwa kwa kitambaa, alizozileta kutoka kwao, akaziweka mbele ya Baba kama mtu anayemlaza mtoto. Kwa Kiswahili chake cha kuokotaokota alimweleza kuwa zile sigara nene za majani, za kahawia, hazitaki kuwekwa ovyo. Hewa ikiwa kavu, hupasuka. Ikiwa na maji mengi, huota ukungu. Zinataka kasha linalojua kufunga kinywa. Nje liwe mvule, ndani mwerezi mtupu, bila vanishi wala rangi, maana tumbaku hunywa kila harufu iliyo karibu nayo, na mwerezi mtupu ukishanywa kitu hautoi upesi. Rafiki zake walikuwa njiani kuja, wavutaji wote, wenye majumba yao pale pwani. Wakilipenda la kwake, kila mmoja atataka lake.

Jioni hiyo, kwenye mkeka, Baba alimwambia Mama maneno ambayo sijayasahau: "Mama Zuhura, likikubaliwa hili, Maskati siendi."

Mama aliinuka kwenda jikoni bila sababu. Nilimsikia akisema "Alhamdulillahi" kwenye masufuria.

Sijapata kumwona Baba akifanya kazi vile. Alikuwa akinawa mikono kabla ya kugusa mbao, kama anayekwenda kula. Pembe za kasha alizichonga meno, akayaumanisha bila msumari hata mmoja, na ukipitisha kidole huhisi mahali ubao mmoja unapokwisha na mwengine unapoanza. Bawaba za shaba alizizamisha zikalala sawa na mbao. Lakini fahari yake ilikuwa kifuniko. Alikisugua kidogo, akakijaribu, akakisugua tena, siku baada ya siku, mpaka nikachoka kwa niaba yake. Kisha akaniita, akaweka kipande cha gazeti ukingoni, akafunga.

"Vuta."

Nikavuta. Gazeti likakatika, lisitoke.

"Haya, sasa sikiza." Akakiinua kifuniko, akakiachia. Hooo. Baba akacheka kwa furaha, akanitazama kuona kama nimesikia. "Umesikia? Lapumua. Ubao hausemi uongo, mwanangu. Mwongo ni fundi."

Lilikamilika Ijumaa asubuhi, na Sinyori alikuwa akilingoja alasiri hiyo hiyo. Baba alikoga, akavaa kanzu, akaenda msikitini. Kasha akaliacha juu ya meza ya sebuleni.

Sasa nisikizeni vizuri, maana hapa ndipo palipo na maneno. Kwetu kitu cha heshima hakitoki nyumbani kikavu. Nguo ya kuendea arusi hufukizwa, mgeni hufukizwa, hata shuka za mzazi aliyetoka kujifungua hufukizwa. Na Ijumaa ndiyo siku yake. Mama alikuwa na chetezo cha udongo chenye ukingo uliomeguka, na udi wake aliufunga kwenye kitambaa cha hariri, akiutoa kwa kipimo kama dawa. Siku hiyo hakupima. Alitia makaa, akaweka kipande kikubwa, moshi ukapanda mzito na mtamu. Akalifungua lile kasha, akalishika juu ya moshi kinywa kikitazama chini, akaniambia niwatandie leso yeye na kasha, moshi usipotee.

Nikawa nimeishika leso, naye mle ndani akiongea. Nilidhani anasema nami. Kumbe alikuwa akiomba. "Ya Rabbi, mfungulie riziki yake papa hapa Malindi. Asinitoke. Mwanawe mdogo, nami siwezi."

Alipotoka, macho yake yalikuwa mekundu. Akasema ni moshi, nami nikaamini. Alikifunga kifuniko, akaliviringisha kasha kwa leso mpya, akafunga fundo zuri.

Mtaniuliza, Baba aliporudi hakusikia harufu? Angeisikia vipi? Kanzu yake yenyewe ilinukia udi, mapazia yalinukia udi, kichwa changu kilinukia udi. Nyumbani kwetu udi haukuwa harufu. Ulikuwa Ijumaa.

Nilipakiwa nyuma ya baiskeli, kasha mapajani, na Baba alipiga pedali akiimba kaswida chini kwa chini. Kwa Sinyori tulipokewa na Kadzo, dada wa Kigiriama kutoka Ganda aliyekuwa mpishi pale. Tulijuana naye; kila asubuhi akienda kazini alikuwa akipitia kwetu kuchukua mahamri kwa Mama. Alituletea sharubati ya ukwaju, akasimama mlangoni na sinia lake, maana hata yeye alitaka kuona.

Sinyori alivaa miwani. Hakuwa mtu wa kusema "zuri, zuri" kabla ya kutazama, na hilo Baba alilipenda. Alilipima kasha mkononi, akaligeuza juu chini. Alipitisha kucha kwenye pembe, akitafuta pa kukwama, kucha isikwame. Alitazama bawaba, akafungua na kufunga akisikiliza kama zinalia. Akatoa karatasi mfukoni, akaibana ukingoni, akavuta, ikakatika. Baba akanikonyeza. Kisha Sinyori akainua kifuniko, akakiachia, na kasha likashusha pumzi yake. Yule mzee alifumba macho. Akamshika Baba bega, akasema, "Fundi. Fundi kweli."

Nawaambia, moyo wangu ulijaa pomoni. Nilishamwona Baba akibaki. Nilishamwona kila jioni kwenye mkeka, mpaka nizeeke.

Halafu Sinyori akainamisha pua ndani ya kasha.

Alikaa hivyo muda. Akainua kichwa, akamtazama Baba, akanusa tena, pole pole, kama asiyetaka kusadiki. Alipozungumza hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. "Fundi, nini hii? Kama kanisa."

Baba akatia pua yake. Nikauona uso wake ukibadilika kidogo kidogo, maana hapo, kwenye nyumba isiyo ya udi, na yeye sasa alisikia. Mwerezi mtupu, usio na vanishi, ulikuwa umeunywa ule moshi wote. Mbao nyengine hazikuwepo. Wageni walikuwa wafike wiki ile. Sinyori alitaka kulichukua hivyo hivyo, atie barua zake, lakini Baba alikataa. Alisema kasha la sigara lisiloweza kuwekwa sigara si kasha la sigara. Hakumtaja mtu. Aliulizwa, akajibu, "Makosa yangu," akalifunga tena kwenye leso. Kadzo pale mlangoni alikuwa ameshika sinia kifuani, ananitazama mimi.

Njiani Baba hakuimba. Tulipofika kwenye mivinje alisimamisha baiskeli, akanishusha, akachuchumaa tukawa sawa.

"Nani alifukiza?"

"Mama." Nikaongeza, kwa kuwa niliona haitoshi, "Aliomba usitutoke."

Baba aliitazama leso. Alicheka kidogo, kicheko kikakatika njiani kama lile gazeti, akajipangusa uso kwa mkono wa kanzu. "Basi sikiza, Zuhura. Tukifika, Sinyori amesafiri. Amesafiri ghafula, hatukumkuta. Mamako asijue neno. Akijua, hatalala tena maisha yake."

Mama alikuwa mlangoni. Alilitazama fundo lake kabla ya kututazama sisi. Baba akasema alichosema, na mimi nikaangalia vidole vya miguu yangu. "Basi si riziki," Mama akajibu. "Huenda kuna kheri." Akaenda kututilia chai.

Kesho yake Kadzo alipitia mahamri yake kama kawaida, nami nikatoroka mapema kwenda chuoni kusoma Kurani, nisije nikaulizwa. Baba aliondoka baada ya mvua za masika. Alimwambia Mama anakwenda kidogo tu, na kidogo hicho kikameza utoto wangu wote.

Kasha lilipandishwa juu ya kabati. Baba akipiga simu kwa jirani, tulikwenda mbio, Mama viatu mkononi. Baada ya salamu zote, siku zote, alimwuliza jambo moja: "Kasha lipo?" Mama hujibu, "Lipo." "Zima?" "Zima." Kisha wote wawili wakanyamaza, na jirani akawa akitukodolea macho maana simu ni yake. Mimi nilikuwa nikikasirika kimoyomoyo. Mtu yuko Maskati, hajaniona tangu nilipong'oka meno, anauliza mbao!

Usiku sikupata kujua, lakini mchana nilimwona Mama mara nyingi akilishusha, akakiinua kifuniko na kukiachia. Hooo. Akarudia. Nilidhani anacheza. Na Ijumaa alipofukiza nyumba alipita na chetezo chumba kwa chumba, nguo kwa nguo, isipokuwa kabati lile. Hapo alikuwa akizunguka mbali, ameukinga moshi kwa kiganja. Nililiona hilo miaka na miaka, wala sikujiuliza. Mtoto ana macho, akili huja kwa miguu.

Baba alirudi na mvi, wakakaa pamoja miaka michache mizuri, akafa kitandani mwake, mkono wake mkononi mwa Mama. Siri yake niliishika. Hata matangani, watu walipotaja ufundi wake, niliuma midomo.

Mwaka wa mwisho wa Mama, nilipokwenda Shela kumwuguza, aliniambia nilishushe kasha. "Lichukue. La babako. Nililiharibu mimi."

"Mama! Ulijuaje?"

"Kadzo. Kesho yake tu, alipokuja kwa mahamri. Alidhani nimeshaambiwa, akaja kunipa pole."

"Na hukumwambia Baba? Miaka yote hiyo?"

Mama alicheka, kile kicheko cha mgonjwa kinachoishia kifuani, akajifuta macho kwa ncha ya leso. "Yeye alinisitiri, Zuhura. Mwenzio akikusitiri, wewe wajifunuaje?"

Alilala baada ya hapo. Nilikaa na kasha mapajani kama siku ile ya baiskeli, nikaanza kuyasikia upya yale maneno ya simu. Lipo? Lipo. Zima? Zima. Mimi niliyejiona mlinzi wa nyumba ile, nimebeba peke yangu siri ya watu wazima, kumbe tulikuwa watatu na sote twajua, kila mmoja akimfunika mwenzake. Sasa Mama naye hayupo, na natamani wangalirudi hata kwa jioni moja tukae mkekani, tusizungumze lolote, niwatazame tu kwa jicho la kujua. Nawataka, wallahi. Mtu hazoei.

Sinyori alisema kweli, lakini, kuhusu mbao ile. Kilichoingia hakitoki upesi. Kila Ijumaa natia makaa kwenye chetezo kile kile chenye ukingo uliomeguka, nafukiza nyumba yangu, nguo za mume wangu, nywele za binti yangu zilizojaa mafuta ya dukani. Nikifika kwenye kabati naukinga moshi kwa kiganja, nazunguka mbali. Udi wangu ni wa duka la Mtwapa. Uliomo mle ndani ni wa Mama, umebaki kidogo, na sitaki kuuchanganya.