Sufuria la Bibi Kwenye Makumbusho

Mama hakuwa mtu wa makumbusho. Kila nilipomwambia twende akaone vyombo vya kale, alinijibu kuwa vya kale anavyo, ni magoti yake. Lakini mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilikuwa na jambo la kumwonyesha, nikambembeleza mpaka akatoka nyumbani Mpendae.

Jambo lenyewe lilikuwa sufuria kubwa la shaba nyekundu, ambalo bibi, mama yake mama, alilinunua akaliweka wakfu kwa ajili ya mtaa. Penye harusi au hitima watu walilichukua bure, wakalirudisha limeoshwa. Kupikia shaba tupu kunadhuru, kwa hivyo kila mwaka kabla ya Ramadhani lilipelekwa mjini kwa fundi, akalitia bati kwa ndani mpaka likawa jeupe. Fundi alipohamia Arabuni, sufuria lilibaki uani kifudifudi, kuku wakalifanya kitanda. Mimi niliyejiona nimesoma nikaona hazina inapotea. Mama alipokwenda shamba kwa dada yake, nikalipeleka makumbusho. Aliporudi nikamwambia limekwenda kutengenezwa, nikacheka peke yangu.

Tulilikuta limezungushiwa kamba, linang'aa. Nikasimama kifua mbele, nangoja sifa. Mama akachungulia ndani.

"Bati liko wapi?"

Msichana anayeangalia chumba kile akasogea. "Shikamoo, Bi Mkubwa. Tumeliondoa, rangi yake ya asili ionekane."

"Marahaba, mwanangu. Sasa mnapika siku gani?"

"Hatulipikii, Bi Mkubwa. La kutazamwa tu."

Mama akanigeukia. Hakupandisha sauti, na ndiyo maana niliogopa.

"Kila sahani iliyotoka humu, mama yangu akipata thawabu zake kaburini. Umemfungia mlango."

Mimi nina ulimi mwepesi, hata kwa mama. Nikasema, "Lakini tokea fundi kuondoka halijapikiwa!"

"Lilikuwa linangoja fundi mwengine. Hapa linangoja nini?"

Nilikuwa nimekwishatia saini kuwa nimelitoa moja kwa moja, kitu ambacho hakikuwa changu, wala hakikuwa cha mama. Nilijichukia pale pale, mbele ya watalii na kamera zao.

Mama akaonyesha kibao kilichobandikwa ukutani. Yeye alisoma chuo cha Kurani tu, herufi za Kiarabu. Hizi nyengine hazijui.

"Haya, nsomee. Nnataka kusikia wamemwandika vipi mama yangu."

Nikamsomea mstari wa kwanza: sufuria la shaba la kupikia shughuli. Mstari wa pili ulitaja aliyelitoa. Lilikuwa jina langu, nililowatajia mwenyewe herufi kwa herufi.

Nikamsomea jina la bibi.

Mama akainua mikono akamwombea dua, na mimi nikaitikia amin, macho yangu yakiwa kwenye jina langu.