Naomba Permisyo

Nyumbani kwetu Uvira, mtoto hakuondoka mezani bila kusema, "Papa, naomba permisyo." Mimi nilijibu neno moja, "Enda," naye akaenda. Hata akitaka kwenda chooni tu alisema hivyo. Niliona hayo ndiyo malezi.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Vita vilipofika nilikimbia na mke wangu, tukamwacha mtoto wetu wa pekee kwa bibi yake ili amalize mtihani wa mwisho wa sekondari. Uamuzi ulikuwa wangu. Mama yake alitaka tuondoke sote. Nikamjibu kwamba kijana asiye na diploma atakuwa mzigo popote aendako. Mtihani haukufanyika. Askari waliingia shuleni wakachukua wavulana wa darasa zima, na mwanangu akavaa sare akiwa na miaka kumi na minane.

Hapa Durban mke wangu alipata kazi ya kusuka nywele saluni, nami nikawa nalinda magari mbele ya maduka kule Morningside. Barua za mwanangu zilitufikia kwa mkono wa mama mmoja mfanyabiashara, aliyekuja kununua nguo na mafuta ya nywele kisha akarudi kwao kwa basi. Zetu alimwachia bibi, naye bibi akazipeleka kambini. Wakubwa wa kijana walisoma kila barua kabla haijatoka. Hilo nililijua.

Nami nilizisahihisha. Naliandika hili kwa aibu. Tangu akiwa darasa la pili, neno alilokosea nililikata kwa kalamu nyekundu nikaandika juu yake lililo sahihi, naye akaiandika sentensi upya mara tano. Barua za kambini nilizifanyia vivyo hivyo, nikazirudisha pamoja na majibu yangu. Nilijiambia kwamba kwa njia hiyo shule yake haijafa. Mlinzi mwenzangu, Mrundi, aliponikuta nimelalia boneti ya gari la mtu na kalamu mkononi, aliniuliza kama ile robot, taa ya kuongoza magari pale kona, nayo ni mimi niliyeisahihisha ikawa nyekundu. Nilicheka pamoja naye.

Barua ya mwisho ilikuwa fupi. Haikuwa na salamu, jambo lililoniudhi. Alitaja mvua, akataja wenzake wawili ambao "hawako tena", kisha akamaliza: "Papa, naomba permisyo nikuje."

Yule mama alikuwa anapanda basi alasiri hiyohiyo. Nikakata Papa, nikaandika Baba. Nikakata permisyo, nikaandika ruhusa. Nikakata nikuje, nikaandika nije. Kwa askari wa kwetu permisyo ni likizo, nami nikadhani anaomba likizo na amekosea mtu wa kumwomba. Pembeni nikaandika: "Ruhusa huombwa kwa mkuu wako. Akikupa, uje. Asipokupa, mtii."

Jioni nilimsimulia mke wangu akiwa anachambua mchele. Yeye hajui kusoma. Aliniuliza kijana alitumia maneno gani hasa, nikamtajia kama yalivyokuwa kabla ya kalamu yangu. Mikono yake ikasimama kwenye sinia.

"Papa, ni weye alikuwa anaomba," akasema. "Si mukubwa wake. Ni kama vile ku meza."

Alitaka kutoroka. Mbele ya macho ya wakubwa wake hakuweza kuliandika, na bila neno langu hakuweza kuondoka, kwa kuwa nilimlea hivyo.

Asubuhi nilikwenda kituo cha mabasi nikijua nimechelewa. Kutoka hapo nikashuka bandarini, nikampata dereva wa lori aliyekuwa akipakia mizigo ya Lubumbashi, nikampa barua yenye neno moja tu: Enda.

Baada ya miezi mitatu yule mama alirudi Durban. Alikuja nyumbani, akavua kilemba mlangoni kabla hajasema lolote, na mke wangu akakaa chini sakafuni. Mwanetu alikuwa ameuawa vitani. Barua ya lori ilimfikia bibi wiki moja baada ya hapo, na sasa ilikuwa mikononi mwangu, bado imefungwa. Barua nyingine ilikutwa katika mfuko wa koti la mwanetu. Chini ya wino wangu mwekundu alikuwa ameandika kwa wino wa buluu, kwa mwandiko safi, mstari chini ya mstari, mara tano: "Baba, naomba ruhusa nije."

Hapakuwa na kosa hata moja.

Mgeni alipoondoka mke wangu aliniambia nimsomee. Nilisoma mistari miwili, akanizuia.

"Huyo si yeye. Soma ile yake."

Ilibidi niinue karatasi kwenye mwanga wa dirisha ili niyaone maneno niliyoyakata. "Papa, naomba permisyo nikuje."

"Mujibu," akasema.

Nikamjibu, "Enda."