Aliyefua Vitambaa vya Altare

Miaka kumi na saba Paskalina alifua vitambaa vya altare bila kuruhusiwa kupokea komunyo, kwa sababu Tarsis, mumewe, hakutaka ndoa ya kanisani. Mahari alishapeleka Kibosho kwa wazazi wa Paskalina, pombe ikanywewa, watoto watatu wakazaliwa. Kwake hayo yalitosha. Mkewe akimkumbusha, jibu lake lilikuwa lile lile: "Kesho, Mama Candida. Duka kwanza."

Duka lenyewe la vitenge, hapo Kariakoo, walilianzisha wote wawili.

Wenzake walipopanga mstari kwenda kupokea, Paskalina alibaki kwenye benchi, aibu imemjaa. Kanisani mwanamke ana kazi tele na kauli haba: afue, apige pasi, apambe maua, kisha anyamaze.

Mwaka juzi paroko alimwonea huruma. Wakitengana vyumba na kuishi kama kaka na dada, alisema, atapokea. Paskalina akahamia chumba cha binti yao Candida, akatia sahihi kiapo hicho. Tarsis naye akatia, tena upesi upesi. Jumapili ile Paskalina alilia kwa furaha. Masikini, kumbe alikuwa amejitia kitanzi mwenyewe.

Mwaka huu matangazo ya ndoa yakasomwa misani: Tarsis, mseja, na Jacqueline wa Buguruni. Mwenye kujua kizuizi aseme.

Paskalina alikwenda ofisini. "Baba Paroko, mimi ndiye mke wake! Nimemzalia watoto watatu!"

Paroko akafungua faili, akamsogezea karatasi. "Sahihi hii ni ya nani, mama?"

"Yangu."

"Uliapa mnaishi kama kaka na dada. Kanisani hamkufunga ndoa. Sasa kizuizi kiko wapi?"

Wanawake wa jumuiya walimwambia avumilie, hiyo ndiyo dawa yao ya kila ugonjwa. Kisha wakaenda kushona sare za harusi.

Zamu ya kufua juma lile la harusi ilikuwa yake. Angekataa, wangemnyang'anya hata hiyo. Jumamosi asubuhi alikuwa altareni akitandika kitambaa alichokipiga pasi mwenyewe, Jacqueline alipoingia kutazama maua. Binti mwenye adabu. Alipiga goti kabisa.

"Shikamoo, wifi. Tarsis anakusifu sana. Anasema dada kama wewe hakuna."

Paskalina alitazama mlangoni. Tarsis alikuwa amesimama pale, anatabasamu, anasubiri.

"Marahaba," akaitika.