Bebisita wa Nyumbani kwa Mwanawe

Je, umewahi kupewa jina usilolijua, ndani ya nyumba ya mwanao wa kumzaa, nawe ukatabasamu kama mtu aliyesifiwa?

Mzee Cheche alitabasamu. Alikuwa sebuleni, mjukuu wake Kijino akimrukia magotini, na jikoni mkwewe akizungumza na simu, nusu Kiswahili, nusu Kiingereza. Katikati ya mazungumzo likachomoza hili: "Aa, mimi sina shida, shoga yangu. Nina bebisita wangu hapa hapa." Kisha mkwe akachungulia sebuleni, akamwona mzee anamtazama, akashusha sauti.

Kule kushusha sauti ndiko kulikomtia shaka. Jambo la heri halinong'onwi.

Mzee huyu alichomelea mageti ya watu mpaka macho yakachoka. Mwanawe alipomwambia, "Baba, njoo ukae na sisi," aliuza mashine, akaachia chumba alichokuwa amepanga, akaja na begi moja. Lakini kazi ilikuwa imeshamfundisha kutokiamini kiungo kwa kukitazama tu. Ukigonge kwa nyundo, usikie kinavyolia. Na neno lile halikulia vizuri.

Akambeba Kijino begani, akashuka hadi kwa kinyozi wa mtaa, ambaye aliwahi kunyoa wageni hotelini na Kiingereza chake hakijaota kutu.

"Bebisita ni nini?"

"Kakuita nani hivyo?"

"Jibu kwanza, umbea baadaye."

Kinyozi akazima mashine, mteja akabaki na kichwa nusu. "Ni mtu anayekaa na mtoto wazazi wakiwa kazini. Analipwa. Wenyewe wakirudi, anaondoka."

"Kumbe ni yaya."

"Yaya anaweza akalala hapo hapo. Bebisita ni mtu wa saa zake. Zikiisha, kwaheri ya kuonana."

"Na babu akikaa na mjukuu wake, naye huitwa hivyo?"

Kinyozi akakuna kidevu. "Wapo wanaosema, kwa mzaha. Lakini babu ni babu, mzee wangu."

"Kwani wanakulipa?" akauliza yule mteja wa nusu kichwa.

"Hata senti!"

"Basi wewe si bebisita. Wewe ni sadaka."

Kibanda kizima kikaangua kicheko. Kijino naye akacheka, meno mawili nje, bila kujua anamcheka nani.

Njia nzima ya kurudi, neno moja lilimkwama mzee kooni kama mwiba wa samaki: anaondoka. Aondoke aende wapi? Tangu hapo kila kitu kikaanza kunuka. Ile "ya soda" anayopewa na mwanawe kila Jumamosi, ni heshima au ni ujira? Kwa nini begi lake hadi leo linakaa nyuma ya mlango, na hakuna aliyemwonyesha kabati? Kwa nini kila Jumapili mwanawe humsihi atoke akanyooshe miguu, ila Kijino abaki nyumbani? Kwa nini mkwe hupiga simu kila mchana kuuliza, "Baba, Kijino amekula?" na hajawahi hata siku moja kuuliza, "Baba, umekula?"

Hivi ndivyo tunavyowavua wazee wetu vyeo vyao. Hatuwafukuzi, la. Tunawabandika neno la kuazima, kisha tunawashangaa wakinuna, maana neno lenyewe ni la kisasa!

Jioni chakula kilipotengwa, mzee hakusogea.

"Baba, mbona huji mezani?" mkwe akauliza.

"Tangu lini bebisita akala na wenye nyumba?"

Kijiko cha mwanawe kikasimama katikati ya safari. "Nani kakuita hivyo, Baba?"

"Muulize mwenye simu."

"Jamani, Baba!" Mkwe akashika shavu. "Ni maneno yetu tu ya ofisini. Wenzangu wanahangaika kutafuta watu, nami nilikuwa najivuna kwamba nina…"

"Una nini?"

"Nina wewe."

"Basi sema una baba mkwe! Ulimi wako umevunjika nini hata ushindwe kulibeba hilo? Kazi niliiacha na mashine yangu. Hapa nimekuja kuwa babu."

Mume na mke wakatazamana. Ulikuwa mtazamo mfupi, wa watu ambao jambo lao wameshalizungumza chumbani. Mzee aliuona.

"Sawa, Baba," mwanawe akasema, kwa upole uliopita kiasi. "Hutafanya kazi tena."

Mzee alisogea mezani, akala. Alikuwa ameshinda, lakini hakuonja ladha ya ushindi. Jibu lile lilikuja upesi mno, kama chakula kilichopikwa jana na leo kikapashwa moto tu.

Kesho yake asubuhi, chai haijamiminwa, mlango ukagongwa. Alisimama binti mwenye sketi iliyonyooshwa kwa pasi, mkoba begani. Mzee hakuwahi kumtia machoni.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Nikusaidie nini?"

Mkwe akatokea nyuma ya mzee, akifunga saa mkononi. "Baba, huyu ndiye bebisita. Wewe sasa pumzika, uwe babu."

Kijino, ambaye akiona mgeni hulia mpaka akakaukiwa na pumzi, alimnyooshea yule binti mikono yote miwili. Binti akampakata, akaingia naye jikoni, akafungua kabati la juu, akapeleka mkono nyuma kabisa ya makopo, pale kinapofichwa kikombe cha mtoto asije akakivunja, akakitoa bila kumuuliza mtu.