Kibao Kisicho na Alama

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na kuna mama mmoja wa njia ya Bujora ambaye mpaka leo nikimkumbuka natamani ardhi inimeze.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa mpima hali ya hewa mjini Mwanza, akaja mtaalamu na rada yake juu ya lori. Alitaka kujua mvua yetu inavyochanganyika na mawe ya barafu. Rada iliweza kuliona wingu la mvua tangu likiwa ziwani upande wa Kamanga, na kulionyesha jekundu kwenye kioo chake, ila haikuweza kusema kama ndani mna maji matupu au na mawe. Kwa hiyo tukasambaza vibao mashambani. Kila kibao kilikuwa na sponji iliyofunikwa foili, karatasi laini ya alumini, na jiwe likiangukia hapo linaacha kishimo.

Mama huyo, mjane, nilimfungia chake juu ya nguzo kando ya pamba yake. Wanunuzi binafsi walikuwa wameanza kuingia vijijini na malori, naye alikuwa amelima pamba hadi mlangoni, akitarajia kuezeka bati. Nilimwita mama kwa Kisukuma, ila kwa sauti ya kiofisi, "Mayu, hiki ni cha serikali. Kitunze sana." Nikapanda pikipiki yangu, nikaondoka.

Alasiri moja, kwenye kioo cha rada, wingu likawa jekundu kabisa juu ya shamba lake. Kesho yake asubuhi nilikwenda mbio. Nguzo ilikuwa tupu. Kibao nilikikuta ndani, kitandani, kimefunikwa kanga, kikavu, hakina hata alama moja.

Hata shikamoo sikumpa.

"Mayu, kazi ya kibao ni kunyeshewa! Wiki ngapi nangojea wingu hili, wewe unakilaza kitandani?"

Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Ulisema cha serikali, mwanangu. Mawe yalipoanza nikakimbilia hicho kwanza. Kamba haikufunguka upesi, nikakiinamia hivi, kisivunjike, mpaka yakapungua." Akageuka, akafunua mgongo kunionyesha. Kuanzia mabegani hadi kiunoni alikuwa amevimba vinundu, vingine vimechubuka. "Pamba ndiyo sikuweza kuiinamia yote."

Hapo ndipo nikatazama nje. Nilikuwa nimepita katikati ya shamba lile nikiwaza kibao tu. Miti ya pamba ilibaki vijiti, na vitumba vyote vilikuwa matopeni. Nikaona aibu, aibu ya kweli. Nikamwamkia, nimechelewa hivyo hivyo, naye akaitikia marahaba kana kwamba ndiyo kwanza nimefika. Tukaokota vitumba hadi mchana, ingawa wote wawili tulijua havifai.

Ofisini niliandika kwamba shamba lile lilipigwa na mawe. Mtaalamu akakigeuzageuza kibao, akaniuliza alama ziko wapi.

Nikamwambia ziko mgongoni kwa mwenye shamba.